Kusimamia Mazoezi ya Kufundisha: Tuliyojifunza katika Shule za Msingi za Ngonga, Wilayani Kyela

Makala hii inahusu kazi ambayo kila chuo cha ualimu huifanya kila mwaka, lakini ambayo haijadiliwi sana katika majarida yetu: kazi ya mkufunzi anapoketi nyuma ya darasa, daftari mkononi, akimtazama mwanachuo akiwafundisha watoto ambao si wake. Tumezoea kuandika juu ya nadharia za kujifunza, juu ya zana na juu ya mihtasari mipya. Mazoezi ya kufundisha tumeyaachia fomu. Fomu ina safu za alama. Mkufunzi huijaza, mwanachuo hutia saini, na gari la chuo huondoka kuelekea shule nyingine kabla kengele ya kipindi kinachofuata haijalia.

Tunaandika kutokana na ziara zetu katika shule za msingi za kata ya Ngonga na jirani zake, katika tambarare ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Hatutazitaja shule hizo kwa majina, kwa kuwa mengi tunayoyasema yangeweza kusemwa juu ya shule nyingi nchini. Hata hivyo, mahali pana uzito wake, na msomaji ataona kwamba baadhi ya mambo tuliyojifunza yalitokana na mpunga, mvua na lugha ya watoto wa huko.

Jambo ambalo msimamizi hana budi kulitanguliza mbele ya mengine yote ni hili: mwanachuo anajifunza, lakini watoto walio mbele yake nao wanajifunza, na wao hawakuja shuleni ili wawe zana ya kujifunzia ualimu. Majuma ambayo darasa hukaa mikononi mwa mwanachuo ni majuma halisi ya maisha ya mtoto. Kama mtoto wa Darasa la Pili hakujua kusoma silabi wakati mwanachuo alipofika, na bado hajui wakati mwanachuo anapoondoka na alama zake nzuri, basi kuna mtu aliyelipa gharama ya alama hizo.

Historia fupi

Mafunzo ya ualimu yanayofanyika ndani ya shule si jambo geni nchini Tanzania. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyokusudiwa awali. Vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Hivyo, kuanzia 1976, vijana waliomaliza elimu ya msingi walichukuliwa wakafunzwa ualimu huko huko vijijini: walifundisha madarasa ya chini kwa saa chache kila siku, na muda uliobaki walijifunza kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa msaada wa walimu wenye uzoefu. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wenye dhihaka waliwaita walimu wa "Ualimu Pasipo Elimu", wakizigeuza herufi za UPE. Dhihaka hiyo haikuwa ya haki. Wale kati yao tuliobahatika kufanya nao kazi kabla hawajastaafu walikuwa na sifa moja ambayo wanachuo wetu wengi hawana: walijua kumsoma mtoto usoni.

Baadaye, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza 2002, ada ilipokuwa imefutwa na watoto wamefurika madarasani, mafunzo ya ualimu wa Daraja A yaligawanywa: mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Mpangilio huo nao uliachwa, na mazoezi yakarudi kuwa ya majuma. Hatukusudii kuhukumu hapa ni upi uliokuwa bora. Twasema tu kwamba katika mipango yote miwili swali la msingi lilikuwa lile lile, nalo ni nani anayekaa karibu na mwalimu anayejifunza, na anafanya nini akiwa hapo. Pale alipokuwapo mwalimu mkuu makini au Mratibu Elimu Kata aliyetembelea shule kwa miguu, mwanafunzi-mwalimu alikua. Pale ambapo hakuwapo mtu, alijifunza kwa kukosea mbele ya watoto, na hakuna aliyemwambia kwamba amekosea.

Mahali na majira

Kyela hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya Machi na Aprili ndiyo mizito zaidi. Mito itokayo milima ya Rungwe na Livingstone humwaga maji yake katika tambarare hiyo iliyo chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari. Mkufunzi anayeshuka kutoka kwenye baridi ya Tukuyu akiwa na koti lake huvua koti hilo njiani. Na kama ni masika, baada ya muda huvua na viatu.

Chuo kinapopanga tarehe za mazoezi, mara nyingi hutazama kalenda ya mitihani na upatikanaji wa gari. Ni nadra kutazama shamba. Mpunga unapotoa masuke, ndege huvamia, na watoto hutakiwa nyumbani kuwinga ndege tangu alfajiri. Mwanachuo asiyelijua hilo huona madawati yaliyo wazi akadhani watoto ni watoro na wazazi hawajali. Mmoja wao aliandika hivyo katika taarifa yake, kwa maneno makali. Tulimshauri amuulize mtoto mmoja aliyerudi baada ya siku tatu alikuwa wapi. Alipouliza, alipata jibu, na pia akapata somo la Sayansi juu ya ndege waharibifu, ambalo watoto walilifahamu kuliko yeye. Wazazi wale hawakutaka ujinga kwa watoto wao. Mpunga ule ndio unaonunua sare na madaftari. Mwanachuo atakayeanza mazoezi kwa kuilaumu jamii ya kijiji hataipata tena baadaye, atakapoihitaji.

Andalio la somo na debe la mpunga

Wanachuo wetu huandika maandalio ya somo yaliyo safi. Utangulizi upo, maarifa mapya yapo, kuimarisha kupo, hatua zimegawiwa dakika, na jumla ya dakika ni 40 kamili. Udhaifu hauko katika umbo. Udhaifu uko katika kwamba andalio limeandikwa kwa ajili ya mkufunzi.

Mfano mmoja utatosha. Mwanachuo alifundisha Hisabati, mada ya vipimo vya ujazo. Alikuwa amechora kwenye manila chupa ya maji ya lita 1 na mtungi wa lita 5, kwa rangi nzuri. Aliuliza, "Chupa hii ina ujazo gani?" Watoto wawili wa mbele walijibu, wale wale wawili, kwa dakika ishirini. Wengine walinakili michoro. Kwa fomu yetu ilivyo, mwanachuo yule angestahili alama nzuri: zana ilikuwapo, ubao ulipangwa vizuri, sauti ilisikika, lengo lilisomwa.

Baada ya kipindi tulimuuliza swali moja tu: "Mwalimu, watoto hawa nyumbani kwao hupima nini, na kwa kitu gani?" Alifikiri, akasema, "Mpunga. Kwa debe." Tulimwacha hapo. Siku iliyofuata aliazima debe na kibaba, akaleta mpunga na mchele kidogo kutoka nyumba ya jirani, na chupa tupu ya lita 1. Watoto walijaza debe kwa maji, chupa baada ya chupa, wakihesabu kwa pamoja hadi kufikia 20. Kisha mtoto mmoja wa kike, ambaye siku ya kwanza hakufungua kinywa, akauliza kwa nini mnunuzi hujaza debe hadi liwe na kilele huku bei ikiwa ya debe moja. Darasa zima lilicheka, kwa sababu kila mtoto alikuwa ameiona lumbesa nyumbani kwao. Mwanachuo hakuwa ameandika lumbesa katika andalio lake. Hata hivyo alisimama, akafuta sehemu ya ubao, na wakaanza kukadiria kilele kile kina vibaba vingapi. Wakafika pia mahali pagumu zaidi: kwamba debe la mpunga na debe la mchele ni sawa kwa ujazo lakini si sawa kwa uzito, kwa kuwa mpunga una makapi na nafasi nyingi kati ya punje. Hiyo ndiyo tofauti ya ujazo na uzito ambayo vitabu huieleza kwa shida.

Somo lile halikumalizika kwa muda. Hatua ya mwisho ya andalio haikufikiwa. Tuliliandika kuwa bora kuliko la jana yake, na tuko tayari kulitetea andiko hilo mbele ya mwenzetu yeyote.

Kuna sehemu ya andalio ambayo huisaliti kazi yote, nayo ni ile ya mwisho iitwayo Maoni. Katika maandalio mengi tuliyoyapitia imeandikwa: "Somo limeeleweka kwa asilimia 85." Asilimia hiyo imetoka wapi? Hakuna aliyehesabu. Tunapendekeza mwanachuo azuiwe kabisa kuandika asilimia mahali hapo. Aandike badala yake jina la mtoto mmoja, au wawili, na kile ambacho hawakukielewa. Ukurasa wa Maoni wa wiki mbili ulioandikwa kwa namna hiyo ni taarifa ambayo mwalimu wa darasa anaweza kuitumia, na mkufunzi akiisoma hujua mara moja kama mwanachuo anawaona watoto au anauona ubao tu.

Sauti za watoto

Watoto wengi wa Ngonga huanza shule wakizungumza Kinyakyusa. Lugha hiyo haina sauti z wala sh, na haitofautishi l na r. Kwa hiyo mtoto husema na kuandika "msasi" akikusudia mzazi, na huandika kwamba baba amekwenda "kupiga kula". Mwanachuo asiyeandaliwa huchora mstari mwekundu juu ya neno, hulisahihisha, na wiki inayofuata huchora mstari ule ule. Wengine hufanya vibaya zaidi: humwita mtoto mbele alirudie neno hadi wenzake wacheke. Mtoto huyo hatainua mkono tena muhula huo.

Kosa hapa si uvivu wa mtoto. Sikio halijazoezwa kusikia tofauti, na kinywa hakiwezi kutoa tofauti ambayo sikio halijaipokea. Kwa hiyo twashauri kusikia kutangulie kusema, na kusema kutangulie kuandika. Mwalimu aseme "saa" na "zaa", "suka" na "shuka", huku ameuelekea ukuta ili watoto wasimwangalie midomo, nao wainue kidole kimoja au viwili kuonyesha neno walilolisikia. Kisha watie vidole kooni: wakitamka z koo hutetemeka, wakitamka s hutulia. Watoto hulipenda zoezi hili, maana linaweza kufanywa hata uwanjani, na halimwaibishi mtu.

Tulimwona mwanachuo mmoja aliyekulia Mara, ambaye yeye mwenyewe huweka r mahali pa l, akijaribu zoezi la "kula" na "kura". Alisita, akacheka, kisha akawaambia watoto kwamba na yeye anajifunza pamoja nao. Wapo wenzetu watakaosema amejishushia heshima. Sisi tuliona madawati ya nyuma yakisogea mbele. Alikuwa pia amejifunza salamu, "mugonile", na neno "ndaga" la kushukuru, akayatumia kwa wazee waliopita karibu na shule. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na hilo halina ubishi. Lakini mwalimu anayefahamu maneno machache ya nyumbani kwa mtoto huweza kumvusha mtoto huyo hadi kwenye Kiswahili badala ya kumngojea ng'ambo.

Nyuma ya darasa

Mkufunzi akiingia darasani, darasa hubadilika. Ni kweli isiyokwepeka. Watoto hunyoosha migongo, mwalimu mlezi husimama dirishani, na mwanachuo husahau jina la mtoto aliyemfundisha kwa wiki tatu. Kwa hiyo anachokiona msimamizi ni somo lililovishwa nguo za Jumapili. Tena wakati mwingine somo hilo limekwisha kufundishwa siku mbili zilizopita ili majibu yawe tayari. Hakuna haja ya kumtega mwanachuo ili kulijua hilo. Chukua madaftari matano ya watoto, tazama tarehe na mazoezi. Madaftari hayajui kwamba mgeni anakuja.

Fomu hutuelekeza tumtazame mwalimu: sauti, mavazi, mwendo, mwandiko. Tumeona faida ya kuugawa ukurasa katika sehemu mbili kwa mstari wa wima, kushoto tukiandika alichofanya mwalimu, kulia walichofanya watoto wa dawati moja tulilolichagua, dakika kwa dakika. Dawati liwe la katikati au la nyuma. Upande wa kushoto hujaa upesi. Upande wa kulia mara nyingi hubaki na maneno machache: "anachonga penseli", "ananakili", "anatazama nje". Mwanachuo akionyeshwa ukurasa huo hahitaji kuhubiriwa.

Mazungumzo baada ya somo ndiyo kiini cha usimamizi, nayo ndiyo tunayoyafupisha zaidi. Yafanywe mbali na watoto, chini ya mwembe ikiwa hakuna chumba. Mwanachuo aanze kusema. Msimamizi akianza yeye, mwanachuo ataitikia tu, "Ndiyo mkufunzi, nimeelewa mkufunzi," na hakuna kitakachobadilika. Yachaguliwe mambo mawili ya kurekebisha, yasizidi. Tumewahi kuona daftari la mwanachuo lenye maagizo kumi na manne kutoka ziara moja; hakutekeleza hata moja, na hatumlaumu. Aidha, mbele ya watoto na mbele ya walimu wa shule, mwanachuo aitwe Mwalimu. Si heshima ya bure: bila jina hilo hawezi kulitawala darasa kesho yake.

Alama

Tumefika penye ugumu. Mtu yule yule aliyekuja kumsaidia mwanachuo ndiye anayemtia alama. Mwanachuo mwenye akili hutambua upesi kwamba si salama kumwonyesha msimamizi anachoshindwa. Atafundisha mada anayoijua, kwa darasa lililo tulivu, na tatizo lake la kweli, kwa mfano watoto kumi na wawili wasiojua kusoma kabisa, atalificha. Nasi tutaondoka tumelitia alama lile lililofichwa.

Pendekezo letu ni kwamba ziara ya kwanza isiwe na alama, na mwanachuo aambiwe hivyo mapema, na iwe hivyo kweli. Katika ziara hiyo achague yeye somo linalomshinda, tulitazame pamoja. Wenzetu wamepinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba ziara ni chache, gari halipo, mafuta ni ghali. Kuipoteza moja bila alama ni anasa. Tunakubali kwamba ziara ni chache. Lakini ziara mbili za alama zilizoonyesha masomo mawili ya maigizo hazikutupa habari mara mbili. Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba wapo wanachuo ambao hawatajitahidi pasipo alama. Ni kweli, wapo. Hao nao ni heri wajulikane katika ziara ya kwanza, kabla hawajakabidhiwa darasa lao wenyewe kijijini ambako hakuna mkufunzi.

Mwalimu mlezi

Hakuna ziara ya chuo inayoweza kushindana na mtu aliyepo shuleni kila siku. Mwalimu mlezi ndiye msimamizi wa kweli. Hata hivyo, kwa walimu wenye vipindi vingi na watoto wengi, kufika kwa mwanachuo huonekana kama likizo, nao humwachia darasa tangu Jumatatu ya kwanza. Hatuwezi kuwalaumu kwa urahisi. Chuo huwaandikia barua ya nusu ukurasa, hakiwaeleweshi wanachotakiwa kufanya, na mwishoni hakiwaulizi maoni yao. Tulipokaa na baadhi yao kwa mchana mmoja tu, kabla ya mazoezi kuanza, na kukubaliana kwamba wiki ya kwanza mwanachuo atatazama na kusaidia, ya pili atafundisha mlezi akiwa ndani, na baadaye ndipo aachiwe vipindi, kazi ilikwenda kwa utaratibu mwingine. Mlezi mmoja mwenye miaka mingi kazini alituambia kwamba hajawahi kuulizwa na chuo anavyofundisha kuhesabu. Tulimuuliza. Alitumia mbegu za kakao zilizokaushwa, makumi yakiwa yamefungwa katika majani ya migomba. Wanachuo wanne walilichukua zoezi hilo siku ile ile.

Limebaki suala la siku ya mwisho, ambalo vyuo hulisahau kwa sababu wanachuo wamekwisha kufunga mabegi. Kwa kawaida kuna hotuba, kuna wimbo, na mwanachuo huondoka na andalio lake la somo kwa kuwa chuo kitalikagua. Darasa hubaki bila kumbukumbu. Sasa tunamtaka kila mwanachuo, kabla fomu yake ya mwisho haijatiwa saini, aandike ukurasa mmoja kwa mkono na kuubandika ndani ya azimio la kazi la mwalimu mlezi: mada alipofikia, mada alizozifundisha lakini hazikushika, majina ya watoto ambao bado hawasomi silabi, waliokuwa shambani wakati wa ndege na hawajarudia masomo yao, na zana anazoziacha, pamoja na kabati zilimowekwa.